Nyuzi za Kontrabasi Zinapokuwa Ngumu: Kutafuta Chanzo na Kuzilainisha

Mpigaji aliyezoea gita la besi la umeme anaposhika kontrabasi, ile besi kubwa ya mbao ya jamii ya fidla inayopigwa ikiwa imesimama, kwa mara ya kwanza, vidole vyake hugundua jambo ambalo macho hayakuliona, nalo ni kwamba uzi wa ala hii ni mzigo. Kontrabasi ya kawaida, ile ya ukubwa unaoitwa robo tatu, ina uzi wa takriban sentimita 105 kutoka kizingiti hadi daraja, na seti ya nyuzi za chuma za mkazo wa wastani huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mifuko miwili ya saruji. Kwa hivyo ugumu fulani ni wa maumbile ya ala yenyewe, na hakuna fundi atakayeuondoa. Ninaouzungumzia hapa ni ugumu wa ziada, ule unaomfanya mpigaji aanze kuruka noti kabla harusi haijafika kati.

Ugumu huo wa ziada huwa na mahali pake, na mahali hapo hujulikana kwa kuangalia mkono unapata taabu ukiwa sehemu gani ya shingo. Wengi wetu hapa Mombasa huanzia upande usiofaa: tunaagiza nyuzi mpya kutoka nje kwa fedha nyingi, tunasubiri majuma, tunazifunga, kisha tunakuta ugumu umebaki palepale kwa sababu haukuwa wa nyuzi tangu mwanzo. Nyuzi ndizo za kushukiwa mwisho.

Nitatumia majina machache ya sehemu, na ni vyema tuelewane. Kizingiti ni kile kipande cheusi chenye mifereji minne kilicho juu kabisa ya ubao wa vidole, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi. Daraja ni ule ubao mweupe uliosimama kwa miguu miwili juu ya uso wa ala. Mkia ndio unaoshika ncha za chini za nyuzi, nao umefungwa kwa waya unaopita ukingoni hadi kwenye chuma cha kusimamia. Nguzo ya ndani ni kijiti cha mviringo kilichosimama ndani ya tumbo la ala, nyuma kidogo ya mguu wa daraja ulio upande wa uzi wa G, ule mwembamba kuliko wote.

Vipimo kabla ya kugusa chochote

Kaza nyuzi zote zifike kwenye sauti zake, yaani E, A, D na G, kisha uangalie daraja kwa ubavuni. Upande wake unaotazama mkia unapaswa kusimama wima juu ya uso wa ala, na miguu ikalie uso huo kikamilifu kiasi kwamba karatasi haipenyi chini yake. Kila tunapokaza nyuzi, kichwa cha daraja huvutwa kidogo kuelekea kwenye ubao wa vidole, na daraja lililoinama hutoa vipimo vya uongo. Lisukume kwa vidole vya mikono yote miwili, taratibu, mpaka lisimame.

Kisha chukua rula ya chuma na upime nafasi iliyopo kati ya sehemu ya chini ya kila uzi na ubao wa vidole, pale ubao unapoishia. Kwa mpigaji wa vidole anayetaka nyuzi laini, uzi wa G hukaa vizuri kwenye milimita 5 hadi 6, wa D kwenye 6 hadi 7, wa A kwenye 7 hadi 8, na wa E kwenye 8 hadi 9. Anayetumia upinde kwa nguvu huhitaji milimita moja au mbili zaidi. Andika namba zako nne pamoja na tarehe, kwa sababu zitarudi kukusaidia mvua zikianza.

Mkono unaumia kwenye noti za mwanzo, karibu na kizingiti

Hili ndilo tatizo ninalolikuta mara nyingi kuliko mengine yote, na ndilo linalotambuliwa mara chache zaidi. Ala nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kizingiti kirefu kimakusudi, kwa maana kwamba kiwanda humwachia fundi mbao ya kupunguza, na fundi huyo huku kwetu mara nyingi hakuwahi kuwepo. Mpigaji akibonyeza F kwenye uzi wa E au B bemoli kwenye uzi wa A, anahisi kama anasukuma kamba ya jahazi, lakini akipanda hadi katikati ya shingo taabu inapungua. Hiyo ndiyo alama yake.

Kuna jaribio ambalo halihitaji kifaa chochote. Mwombe mwenzako abonyeze uzi kwa nguvu kwenye nusu toni ya kwanza, yaani noti ya kwanza baada ya kizingiti kama hizo F na B bemoli, naye asiachie, kisha wewe upige noti zinazofuata juu ya kidole chake. Ikiwa uzi umekuwa laini ghafla, basi kizingiti kina hatia, kwa sababu kidole cha mwenzako kimechukua nafasi ya kizingiti chenye kimo sahihi.

Baada ya hapo, pima. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, hivyo kipande kilichokunjwa kuwa tabaka nne kinakupa milimita 0.4 bila kununua kipimo cha makanika. Tabaka hizo zinapaswa kupita chini ya uzi wa G ulio wazi, palipo jirani kabisa na kizingiti, zikiugusa kidogo tu. Uzi wa E unaweza kuachiwa tabaka moja au mbili zaidi kwa kuwa hutikisika kwa upana mkubwa. Ikiwa kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76, inapita chini ya uzi bila kuugusa, uzi huo umekaa juu mno.

Kupunguza mifereji ni kazi ya tupa ndogo ya mviringo na subira. Fanya uzi mmoja kwa wakati mmoja: ulegeze, uusogeze pembeni, pitisha tupa mara tatu au nne, urudishe, ukaze, upime tena. Mfereji uteremke kidogo kuelekea upande wa vigingi ili uzi uegemee ukingo wa mbele wa kizingiti, na upana wake ulingane na uzi ili usiubane. Kina cha nusu ya unene wa uzi kinatosha. Ukimaliza, paka mfereji risasi ya penseli laini, na uzi utateleza vizuri unapokazwa. Atakayepitiliza atajua mara moja, kwa sababu uzi ulio wazi utagonga ubao na kukwaruza, na hapo itabidi king'olewe kizingiti, kiwekewe kipande chembamba cha mbao chini yake na kazi ianze upya. Mimi nimeshafanya kazi hiyo mara mbili kwenye ala moja, kwa hivyo naandika haya kwa unyenyekevu.

Katikati ya shingo ndiko kugumu

Ubao wa vidole hautakiwi kunyooka kabisa. Una bonde jepesi katikati ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Bonyeza uzi kwenye ncha mbili za ubao kwa wakati mmoja, kisha utazame nafasi iliyobaki katikati: karibu milimita 1 chini ya uzi wa G, na hadi milimita 2 chini ya uzi wa E, ni kiasi cha kawaida. Bonde likizidi hapo, vidole vinalazimika kuukimbiza uzi shimoni, na kushusha daraja hakusaidii, kwani sehemu ya juu ya shingo itaanza kukwaruza kabla ya katikati kulainika.

Tofauti na gita la besi, kontrabasi nyingi hazina chuma cha kunyooshea ndani ya shingo, hivyo dawa ni kuuchonga upya ubao wenyewe. Sishauri mtu aifanye kazi hii kwa msasa na kipande cha ubao. Fundi seremala mwenye randa ndefu na jicho zuri anaweza kuifanya iwapo utasimama naye na kumweleza kwa nini hutaki unyofu ambao yeye amefunzwa kuutafuta maisha yake yote.

Ugumu unaongezeka kadiri unavyopanda juu

Hapa daraja ni refu, na hapa ndipo vipimo vyako vinne vinapofanya kazi. Kwa kuwa ubao huishia karibu na sentimita 85 kutoka kizingiti, kushusha daraja kwa milimita 1 hupunguza nafasi ya mwisho wa ubao kwa karibu milimita 0.8. Kwa hivyo mtu anayetaka kushuka kutoka milimita 8 hadi 6 atahitaji kuondoa milimita 2.5 darajani.

Iwapo miguu ya daraja ina magurudumu ya kuzungushia ili lipande au lishuke, legeza kila uzi kwa takriban toni moja, zungusha gurudumu moja robo mzunguko, kisha jingine kiasi kilekile, kaza, unyooshe daraja na upime. Atakayezungusha upande mmoja tu atalipindisha daraja na kuuachia mguu mmoja mzigo wote. Ikiwa hakuna magurudumu, daraja lipunguzwe kwa juu na si miguuni, huku mviringo wake ukihifadhiwa kwa kuuchora kwanza kwa penseli. Mviringo usipohifadhiwa, utapata lile tatizo jingine la uzi mmoja, kwa kawaida D au A, kuwa mgumu kuliko wenzake bila sababu inayoonekana.

Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, nakuomba uisikilize tahadhari hii, kwa sababu niliilipia. Katika mwaka wangu wa kwanza na ala hii, nikiwa chumbani Kibokoni, nililegeza nyuzi zote nne kwa pamoja ili nilivute daraja nje nikalichonge. Ndani ya tumbo la besi nikasikia mgongano mdogo mkavu, kama kete inapoangushwa kwenye ubao wa bao, kisha kitu kikaviringika. Jirani yangu, fundi wa milango na makasha, aliinama akachungulia kwenye tundu akiwa na tochi ya simu, akaniambia, “Bwana, kijiti chako kimeanguka. Nikutilie gundi?” Nilimshukuru nikakataa, na nashukuru hadi leo kwamba nilikataa, kwa sababu nguzo ya ndani haishikwi na gundi. Inashikwa na mgandamizo wa uso na mgongo wa ala, nao mgandamizo huo hutoka kwenye nyuzi. Kwa hiyo usilegeze nyuzi zote kwa wakati mmoja ukiwa umeisimamisha ala. Ikibidi kabisa, ilaze chali juu ya godoro, na ukisikia mgongano huo usiikaze tena mpaka nguzo irudishwe mahali pake, maana uso usio na nguzo huzama chini ya mguu wa daraja na unaweza kupasuka.

Zilikuwa laini mwezi uliopita, sasa ni ngumu

Mtu anayeishi pwani hana budi kuipa dalili hii uzito wake. Mbao hunywa unyevu wa hewani na kuvimba, hasa kwa upana, na uso wa kontrabasi ukivimba huinuka katikati na kulibeba daraja juu pamoja nao. Nyuzi hupanda ilhali hakuna aliyegusa kitu. Vitabu vya ala vilivyoandikwa kwa ajili ya Ulaya vinapendekeza unyevu wa asilimia 40 hadi 60, nasi kisiwani tunaishi mara nyingi juu ya asilimia 70, kwa hivyo ala iliyotengenezwa na kusawazishwa huko itapanda tu baada ya kushushwa hapa.

Kwa mwaka, mzunguko wake unatabirika. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, nyuzi hukaa chini zaidi. Masika yakiingia zinapanda, na Mei, ambao ndio mwezi wetu wa mvua nyingi, huwa kilele. Ala yangu hupanda karibu milimita moja kati ya Februari na Mei. Mpigaji mwenye magurudumu darajani hana wasiwasi: anateremsha masika na kupandisha tena kaskazi. Asiye nayo anaweza kuwa na madaraja mawili, moja fupi na moja refu, ingawa kwa bei za leo ni rahisi zaidi kumlipa fundi akaweka magurudumu.

Kiyoyozi huvuruga hesabu hii. Bendi za hoteli huhifadhi ala kwenye stoo baridi na kavu, kisha jioni huitoa kwenye baraza lililo mbele ya bahari. Kwa usiku mmoja mbao haibadiliki sana, ila nyuzi zilizopoa hushika umande na kuanza kupata kutu, na kadiri miezi inavyopita kukauka na kuvimba kwa zamu huachanisha viungio vya pembeni. Chumba cha kawaida chenye dirisha na pangaboi, mbali na ukuta unaopigwa na jua, ni bora kuliko stoo ya kiyoyozi inayowashwa na kuzimwa. Usiiache ndani ya gari lililosimama kwenye foleni ya feri ya Likoni mchana wa Machi, kwa kuwa gundi ya ngozi inayotumika kwenye ala hizi hulainika kwa joto.

Hata hivyo, si kila kupanda ni kwa hali ya hewa. Ikiwa nyuzi zinapanda mwezi baada ya mwezi na hazirudi chini hata kaskazi ikivuma, tazama kiungio cha shingo na tumbo kwa tochi ukitafuta ufa mwembamba, kwa sababu huenda shingo inainama mbele. Na zikishuka ghafla upande mmoja huku uso ukionekana umezama, ama nguzo imehama au upapi wa ndani, yaani ule ubao mwembamba mrefu uliogundishwa chini ya uso wa ala kwenye mguu wa daraja wa upande wa E, umeachia. Katika hali zote hizo punguza mkazo wa nyuzi siku hiyohiyo na umtafute fundi anayezijua fidla.

Vipimo vyote ni sawa, lakini bado ni ngumu

Sasa ndipo tunapofika kwenye nyuzi zenyewe. Mkazo wa uzi hutegemea mraba wa kasi ya mtetemo wake, na kwa hivyo ukiushusha uzi nusu toni unapunguza mkazo kwa karibu asilimia 11. Hilo linakupa jaribio la bure kabla hujatoa hata shilingi: shusha nyuzi zote nne kwa nusu toni, fanya mazoezi peke yako kwa saa nzima, na uone kama mkono umepata ulichokuwa unakitafuta. Ukiridhika, tafuta seti yenye mkazo mdogo kwa kiasi kama hicho. Usiporidhika, hata seti laini haitakutosha, na ni afadhali urudi kwenye kizingiti upime tena.

Kwenye pakiti za watengenezaji wa Kijerumani na wa Austria utaona neno “weich”, maana yake laini, na “mittel”, maana yake wastani. Spirocore za Thomastik, kwa mfano, huuzwa kwa aina hizo mbili. Nyuzi zenye kiini cha sintetiki, kama Obligato za Pirastro, huhisiwa nene lakini zenye kubonyea zaidi chini ya kidole kuliko za chuma. Ipo pia mbinu ya zamani ya kununua seti ya solo, iliyoundwa ikazwe toni nzima juu ya kawaida, kisha kuikaza kwa sauti ya kawaida. Hapo mkazo hupungua sana, na baadhi ya wapigaji huupenda ulaini wake. Kumbuka tu kwamba uzi uliolegea hutikisika kwa upana zaidi, hivyo daraja uliloliteremsha kwa furaha huenda likahitaji kupanda nusu milimita.

Mkia na waya wake huchangia kidogo. Waya mgumu wa chuma ukibadilishwa kwa kamba imara isiyovutika, wengine huhisi nafuu, ila mimi sijawahi kuona ikigeuza ala ngumu kuwa laini. Na uzi ulioshika kutu ya chumvi hukwaruza kidole na kumdanganya mpigaji kwamba ni mgumu. Kitambaa kikavu kila baada ya kupiga kinaondoa malalamiko hayo.

Kabla ya kulaumu mbao, tazama mkono. Kizingiti kikae karibu na kimo cha nyusi zako unaposimama. Kikiwa chini yake mno, bega hujikunja na kidole gumba hubana shingo ili kufidia. Ondoa kidole gumba kabisa na ujaribu kubonyeza kwa kuuachia mkono wote uning'inie kwenye uzi. Ikiwezekana kupiga noti safi hivyo, sehemu ya ugumu uliokuwa ukiulalamikia ilikuwa ya kidole hicho.

Zimelainika, lakini sasa zinakwaruza au sauti imefifia

Mkwaruzo kwenye uzi ulio wazi tu ni wa kizingiti, na kwenye noti moja au mbili zinazopakana ni wa kinundu kwenye ubao. Ukisikika shingo nzima, daraja limeteremshwa mno. Mkwaruzo unaoendelea hata baada ya kuuzuia uzi kwa kiganja hautoki kwenye uzi, bali kwenye gurudumu lililolegea, kigingi au kiungio kilichoachana.

Sauti kufifia ni gharama ambayo wengi hawaihesabu. Uzi ulio chini haupati nafasi ya kupigwa kwa nguvu, na katika ua wa harusi wenye vipaza sauti viwili tu, kimoja cha mwimbaji na kingine cha kinanda, besi laini mno hupotea kabla ya kufika safu ya pili ya viti. Pandisha kwa robo mzunguko kila upande, piga wimbo mmoja mzima, kisha pandisha tena mpaka mtu aliyesimama mlangoni akuambie anaisikia. Mimi, nikishafika hapo, huandika kipimo kwa penseli kwenye mguu wa daraja, upande unaotazama mkia, pamoja na jina la mwezi.